Mkono wa Skrini Hauigeuzi Meza Yako Kuwa ya Kusimamia

Wiki chache zilizopita dada mmoja anayefanyia uhasibu nyumbani kwake Donholm alinipigia simu akiwa ameudhika sana. Alikuwa amenunua mkono wa kushikia skrini, na boksi lake lilikuwa na picha ya mtu aliyesimama wima akichapa kazi. Akaufunga mezani, akaivuta skrini juu mpaka ikagota, akasimama. Skrini ilimkomea kifuani. Kibodi ilibaki mezani, usawa wa mapaja, na ili aifikie ilimbidi ainame kama mtu anayefua.

“Fundi, nimeuziwa kitu kibovu?”

Nilikwenda kukitazama. Kilikuwa kizima kabisa. Viungo vilikuwa laini, chemchemi ina nguvu, na skrini ilikaa pale ulipoiacha. Shida ni kwamba kazi aliyotaka ifanywe si kazi ya mkono peke yake.

Mimi hufunga kompyuta na kupanga meza za ofisi hapa Nairobi, na tangu watu wengi waanze kufanyia kazi nyumbani mwaka 2020 swali hili linanifuata kila mahali: Upper Hill, Westlands, hata kwenye bedsita ambazo meza, kitanda na jiko vimekaa bega kwa bega. Pesa nyingi zinapotea kwa sababu vitu vinne tofauti huuzwa kama kitu kimoja.

Tuanze na majina basi. Mkono wa skrini ni chuma chenye viungo, kilichoundwa kama mkono wa mtu. Kina bega linalobanwa ukingoni mwa meza, kiwiko kinachokunjika, na kiganja, yaani bamba dogo linalofungwa mgongoni mwa skrini. Ukishaufunga, ule mguu uliokuja na skrini unauweka kando. Meza ya kukaa na kusimama ni kitu kingine: ubao wote wa meza hupanda na kushuka, kwa mota au kwa kuzungusha mpini, ukibeba kila kilicho juu yake. Cha tatu ni kijukwaa kinachowekwa juu ya meza ya kawaida, kikainua skrini na kibodi pamoja. Cha nne kinafanana sana na cha kwanza na ndicho kinachochanganya watu: mkono mnene wenye trei ya kibodi chini ya skrini, hivi kwamba ukiuinua, vyote viwili vinapanda. Picha iliyokuwa kwenye boksi la yule dada ilimstahili huyu wa nne. Ndani ya boksi kulikuwa na wa kwanza.

Njia nzuri ya kuelewa tofauti hii ni kujipima. Chukua futi ya fundi wa nguo, kaa kitini unavyokaa siku zote, mwombe mtu akupime kutoka sakafuni mpaka kwenye macho, halafu mpaka kwenye kiwiko ukiwa umekikunja. Kisha simama, akupime tena.

Nitoe mfano wangu. Nina kimo cha sentimita 168. Nikikaa, macho yangu yako sentimita 118 kutoka sakafuni na viwiko viko 70. Nikisimama, macho yanafika 157 na viwiko 105. Maana yake macho yamepanda sentimita 39, na viwiko 35. Meza yangu, kama nyingi za ofisini, ina kimo cha sentimita 74. Skrini ya inchi 24 ina kioo cha sentimita 30 hivi kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho, kitovu chake kinakuwa sentimita 15 chini ya macho. Nikikaa, kitovu hicho kinapaswa kuwa sentimita 29 juu ya meza. Nikisimama, 68.

Mikono mingi ya kawaida huishia kati ya sentimita 40 na 50 juu ya meza. Hapo tayari macho yamepungukiwa. Lakini hata ningepata mkono unaofika 68, vidole vyangu je? Kibodi ingali mezani kwenye 74, viwiko viko 105. Ni pengo la sentimita 31, na pengo hilo litalipwa na mgongo.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: mkono unainua macho, hauinui vidole. Kabla ya kununua chochote cha kusimamia, uliza kibodi itakwenda wapi.

Sasa, kama una meza inayopanda, mkono una faida gani? Rudi kwenye hesabu. Meza ikipanda sentimita 35 kufuata viwiko vyangu, macho yangu yamepanda 39. Zimebaki 4. Kwa mwingine zitakuwa 2, kwa mwingine 6. Hizo ndizo kazi halisi ya mkono, na unaurekebisha kwa kidole kimoja. Bila mkono utasimama ukitazama chini kidogo siku nzima, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kila unavyokiinamisha, misuli ya shingo inakishikilia kwa nguvu zaidi.

Mahali pengine mkono unapofaa sana ni kwenye meza inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja. Nimefunga mingi kwenye vituo vya simu vya Mombasa Road, ambako zamu ya asubuhi anakaa mtu wa sentimita 155 na jioni anaingia wa 185. Kabla ya mikono, skrini zilikuwa juu ya marundo ya karatasi za fotokopi. Hapo hakuna anayesimama, na bado mkono unastahili kila shilingi.

Unafanyaje kazi? Watu hushangaa skrini ya kilo 5 ikielea. Fungua buti ya gari la Probox. Ukiiinua kidogo, inapanda yenyewe na kubaki juu, kwa sababu ya zile fimbo mbili nyeusi ubavuni. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa inayosukuma. Kiti chako cha ofisi kina silinda ya ukoo huo huo. Mikono mingi ya skrini ina silinda kama hiyo iliyofichwa ndani ya chuma. Mingine hutumia chemchemi ya chuma, na kwa mtumiaji tofauti ni ndogo. Ila buti ya gari inataka kubaki wazi tu, ilhali mkono umepangwa usitake lolote. Nguvu ya silinda kwenda juu inalinganishwa na uzito wa skrini kwenda chini, kama mizani ya duka iliyowekwa kilo ya sukari upande mmoja na jiwe la kilo upande mwingine. Zikiwa sawa, hakuna kinachosogea mpaka mkono wako ukisogeze.

Kwa hiyo mkono lazima urekebishwe kwa skrini yako. Kuna skrubu, mara nyingi kwenye kiungo cha juu, inayozungushwa kwa kile kispana kidogo cha umbo la L kilichomo ndani ya boksi. Laza mkono uwe sambamba na meza, skrini ikiwa imefungwa, kisha zungusha. Ikiwa skrini inazama yenyewe, ongeza upande wa alama ya kujumlisha. Ikiwa inapanda yenyewe, punguza. Inaweza kuchukua mizunguko kumi na zaidi kabla hujaona badiliko, na wengi hukata tamaa kwenye wa tatu. Nimeitwa mara nyingi kuona mkono “ulioharibika” ambao haukuwahi kurekebishwa hata siku moja. Wala usidhani unaongeza gesi. Katika mikono mingi skrubu ile inasogeza tu mahali silinda inaposukumia, kama vile mlango unavyokuwa mwepesi ukiusukuma karibu na kitasa na mzito ukiusukuma karibu na bawaba.

Hapa kuna hatari moja ambayo ningependa kila mtu aijue. Mkono uliorekebishwa kwa skrini ya kilo 6 ukiiondoa skrini hiyo unakuwa umejaa nguvu isiyo na mzigo. Katika ofisi moja niliyokuwa nikihamisha vifaa, kijana alifungua skrubu nne za skrini mkono ukiwa chini, karibu na meza. Skrini ilipotoka, mkono uliruka juu na kumpiga kwenye taya. Kidogo tu ungekuwa jicho. Kabla ya kutoa skrini, inua mkono mpaka mwisho wake wa juu, kisha mwenzako aushike wakati unafungua.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye boksi angalia uzito wa chini pamoja na ule wa juu. Ukiandikwa kilo 2 hadi 9, skrini ya kilo moja na nusu haitatulia hapo. Itakuwa inapaa daima. Kujua uzito wa skrini si kazi ngumu. Ng’oa mguu wake, panda kwenye mizani umeishika, kisha panda bila hiyo, toa. Huna mizani nyumbani? Wale wanaopima watu uzito kandokando ya barabara mjini watakufaa.

Kuhusu kama skrini yako itaingia, tazama mgongoni. Skrini nyingi zina matundu manne yaliyopangwa mraba, umbali wa milimita 75 au 100 kati ya tundu na tundu. Vipimo hivyo vilitokana na chama cha watengenezaji kinachoitwa VESA, kilichoanza mwaka 1989, na ndiyo maana wauzaji wa vifaa vya umeme wa barabara ya Luthuli hapa Nairobi watakuuliza kama skrini yako “ina VESA”. Skrini nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza zinayo, ila mara nyingi yamefichwa chini ya mguu, utayaona ukishaung’oa. Skrubu zake ni za kipenyo cha milimita 4. Usitumie ndefu kuliko zilizokuja na mkono, maana ndani mna vitu visivyopenda kuguswa na chuma. Kama hakuna matundu kabisa, kuna mabamba ya kuunganishia, lakini kwa maoni yangu ni afadhali kuuza skrini hiyo na kutafuta yenye matundu.

Meza yenyewe ndiyo watu wanaisahau, na ndipo nimeona hasara kubwa. Beba mtungi wa lita 20 ukiwa karibu na mwili, kisha jaribu kuunyoosha mbele kwa mkono mmoja. Uzito ni ule ule, ila begani unahisi mwingine kabisa. Ndivyo kibano kinavyohisi skrini ikivutwa mbele nusu mita. Mvule, mahogani, hata saiprasi nzuri ya Gikomba itastahimili. Shida ni meza za chipubodi zilizofunikwa karatasi ya rangi ya mbao, ambazo zimejaa mjini. Ukikaza kibano, ule unga ulioshindiliwa unafinywa. Baada ya miezi miwili kibano kimelegea, ukikaza tena unafinywa zaidi, mpaka siku moja ukingo wote unamegeka. Dawa yake ni rahisi: weka bamba la chuma, au kipande cha plaiwudi nene chenye upana wa viganja viwili, juu na chini ya ubao ili kubana kugawanyike. Meza ya kioo usiibane kamwe, hata kioo kiwe kinene namna gani.

Na kabla hujalipa, tazama ukuta. Mkono unapokunjwa, kiwiko chake hutoka nyuma ya meza. Kwenye bedsita ambayo meza imegusa ukuta, kiwiko hakina pa kwenda na skrini itabaki karibu mno na uso wako. Inatakiwa iwe umbali wa mkono wako ulionyooshwa, hivi. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma ya meza, au chagua mkono unaokunjikia ubavuni.

Kuna mambo yanayosemwa ambayo yanahitaji kunyooshwa. La kwanza ni hofu ya gesi. Wengine wanaogopa kulaza watoto chumba chenye kitu hicho, wakifikiria mtungi wa kupikia. Gesi inayotumiwa kwenye silinda hizi ni naitrojeni, ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, na haishiki moto. Usiitoboe wala kuipasua kwa sababu imeshindiliwa kwa nguvu, basi.

La pili ni kwamba skrini ikiwa juu zaidi ndiyo bora. Sivyo. Skrini ikipita macho, unainua kidevu, shingo inakunjika nyuma, na macho yakiwa wazi zaidi yanakauka haraka. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, aishushe zaidi na kuilaza nyuma kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima ili asome kupitia sehemu ya chini.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu watu wanajinyima wakiliamini: kwamba kusimama ni mazoezi na kutapunguza kitambi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 46, ukakuta kwamba kusimama kunachoma kilokalori 0.15 tu kwa dakika zaidi ya kukaa. Simama saa 6 nzima, umechoma 54. Yai moja la kuchemsha lina 70 hivi. Utasikia pia kwamba kukaa ni sawa na kuvuta sigara. Madhara ya sigara ni makubwa kwa mbali sana, na kulinganisha hivyo kunamtisha mtu bure. Wala kusimama siku nzima si salama. Muulize askari wa mlangoni au mhudumu wa kaunta ya supamaketi kuhusu miguu yake inavyovimba jioni, na mishipa ya miguu inavyojitokeza kadiri miaka inavyopita.

Mwili unataka mabadiliko. Mwaka 2015 jopo la wataalamu nchini Uingereza liliwashauri wafanyakazi wa ofisini waanze kwa kukusanya saa 2 kwa siku za kusimama na kutembeatembea, wakielekea saa 4, zikigawanywa kidogo kidogo. Mimi hubadilisha kila nusu saa hivi, na simu zote napokea nikiwa wima. Macho nayo yana haki yao: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Kwa anayekaa dirishani, mabati ya jirani yanatosha.

Kama umeajiriwa, jua pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi panamfaa mfanyakazi. Huombi upendeleo ukiuliza skrini iinuliwe.

Swali la pesa linabaki. Meza yenye mota ni ghali, ingawa stima ikipotea haianguki, inabaki ilipokuwa. Lakini si lazima uanzie hapo. Wa kompyuta mpakato wana shida yao: kioo na kibodi vimeshikana, kwa hiyo ukiinua kimoja umeinua vyote, na lazima ununue kibodi na kipanya cha kando. Hivyo viwili pamoja na boksi la mbao la kuinulia kompyuta mara nyingi ni bei ndogo kuliko mkono. Kaunta ya jikoni nayo, ikiwa ya kimo cha kiwiko, ni meza ya kusimamia ambayo tayari unayo.

Yule dada wa Donholm hatukumnunulia meza mpya. Tulimpima. Akikaa macho yake yako 113, akisimama 149; kitovu cha skrini kinapaswa kwenda kutoka sentimita 24 juu ya meza hadi 60. Mkono wake unasafiri kutoka 10 hadi 45. Tazama vizuri: safari anayohitaji ni ya sentimita 36, mkono unasafiri 35. Haukuwa mfupi. Ulianzia chini mno. Mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta, kwa hiyo fundi wa kuchomelea wa Kamukunji alimtengenezea kistendi cha chuma cha sentimita 15, tukakifunga mezani kwa bolti mbili zinazopita ubao mzima, bamba la chuma likiwa chini. Mkono ukapanda juu ya kistendi, na sasa unakwenda kutoka 25 hadi 60.

Kibodi ilipata boksi la mbao lenye kimo cha sentimita 26, wazi mbele, ambalo mchana anaweka chini ya meza na kulipandisha anapotaka kusimama. Waya wa skrini wa mita moja na nusu tuliutoa tukaweka wa mita 3, maana ule wa kwanza ulikuwa ukivutika skrini ikifika juu. Nilipompitia Jumamosi nikakuta amebandika kipande cha plasta ubavuni mwa mkono, pale unapofika akisimama, na kingine chini kwa ajili ya binti yake anayefanyia kazi za shule meza hiyo hiyo jioni.